Nguo ya Ndoa ya Mutoto wa Miaka Kumi na Moja

Élisabethville, siku ya ine, mwezi wa kumi, 1949

Joto tangu asubuhi. Mvua inanguruma mbali na hainyeshi. Nimesogeza mashini yangu ya kushona mpaka kwenye ukingo wa baraza, lakini mwangaza hautoshi tena.

Nilikaa lopitalo siku arobaini na moja kwa ajili ya ndui. Nilizihesabu zote. Siku ya kutoka, muuguzi aliangalia makovu, akaniandikia karatasi: umepona. Nikamuamini. Nilirudi kwa miguu nikiimba.

Hakuna hata mumoja aliyeniambia nichunge macho.

Jicho la kushoto lilianza na wingu dogo, kama punje ya muchele. Leo ni miezi saba, liko jeupe lote. Niliporudi kule, muuguzi yule yule alisoma karatasi yake: "Lakini fundi, wewe uliisha kupona!" Kama vile jicho ndilo linasema uongo.

Tangu siku ya kwanza ya juma hili, la kuume nalo linakwaruza kama lina muchanga.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Kazi hii nilijifundisha peke yangu, kwa kufumua koti moja kuukuu na kuishona tena, mara tisa. Juzi nimemushonea karani wa reli koti yenye mikono miwili ya kushoto. Akacheka mbele ya bantu: "Fundi, sasa nimusalimie padri na mukono gani?" Na mimi nikacheka. Kisha niliingia ndani, nikakaa juu ya kitanda.

Binti yangu Agata alipozaliwa, niliapa hataingia kanisani kuolewa amevaa nguo ya fundi mwingine. Leo nimetoa kitambaa cheupe, nikamuambia mama yake asimame nimupime.

"Baba Agata, unanitafutia bwana gani tena?"

Nikamuambia nguo ni ya nani. Akainua mikono nimupime kifua. Mutoto mwenyewe alikuwa inje, anaruka kamba.

Mabega sentimeta thelathini na nane, kama mama yake. Urefu nimeongeza vidole vitatu, sababu miguu ni yangu. Ndani ya mishono nimeacha vidole vine kila upande, ili fundi mwingine aweze kuipanua.

Fundi mwingine. Nimeweka makasi chini, kisha nimeyashika tena.

Siku ile ya ndoa, sitamuona. Kwa hiyo kesho asubuhi nikimaliza kola, nitamuita Agata aivae mara moja, hata ikiburuta chini.

Asimame pale kwenye jua.