Kwa Baba Augustine, na Habari za Karafuu Wako

Mwaka umezunguka na kutimia, Baba Augustine Mwakalobo, tangu ulipotutoka ukiwa wodini, shati lako la kazi limekunjwa chini ya mto kwa sababu ulikuwa na hakika ungerudi Kimbiji kesho yake. Hukurudi. Sisi tumebaki, na kuna jambo tunataka ulisikie kwetu.

Watu wanakukumbuka kwa upole wako. Wanaume wa Kimbiji walizoea kukutania, mtu wa Tukuyu kuja kuzeekea pwani akitunza farasi wa kupandwa na watoto wa watu, nawe ulicheka nao. Tajiri wako alipofunga biashara, farasi wengine walipata wanunuzi. Karafuu, aliyebeba watu mgongoni miaka mingi mpaka viungo vya miguu ya mbele vikaingia baridi yabisi, hakutakwa na mtu. Ukamleta nyumbani. Mama Monica alikuuliza kama yeye na magoti yake hakuwa mgonjwa wa kutosha kwa nyumba moja. Ulimjibu kwamba yeye anaweza kusema panapomuuma.

Ukamtunza kama ulivyotutunza sisi, tena pengine zaidi, tusidanganyane. Hukumwacha anenepe, maana uzito unaumiza viungo. Kwato zake zilichongwa kabla hazijarefuka. Dawa ya maumivu ulimchanganyia kwenye pumba na molasi, kwa kipimo cha daktari, na kila siku ulimtembeza polepole ufukweni maji yakikupwa, kwenye mchanga mgumu, si ule tifutifu wa juu unaochosha miguu. Ulisema kiungo kibovu kikilala hakiamki. Na mwishoni, kitandani, hukuzungumzia shamba wala nyumba. Ulimshika mkono mwanao wa mwisho ukamwambia, "Bupe, Karafuu asisimame."

Tulipokuzika, nyumba ikajaa watu. Dada yako Benedicta alimkuta Bupe anafungua kamba ya farasi, akamkataza. Kwenye msiba hata jembe halishikwi, alisema, na mnyama huyo naye amefiwa, mwacheni akae matanga kama wenzake. Ilionekana ni heshima. Basi Karafuu akakaa matanga bandani, analetewa pumba na kila mwombolezaji aliyemwonea huruma, na watu walipotawanyika hakuweza kunyanyuka. Mwanao Jonas, Bupe na majirani walimwinua kwa magunia yaliyopitishwa chini ya tumbo. Tangu hapo hakuna aliyebishana na maneno yako.

Ndivyo Bupe alivyonasa. Alikuja kuzika akiwa na begi dogo, chumba chake cha ushonaji pale Mtoni amekifunga kama mtu anayerudi wiki hiyo hiyo. Jonas ana zamu zake kiwandani Chang'ombe, na wewe unajua, Jonas anamwogopa farasi. Mama hawezi mchanga. Mtu tuliyemweka alimharakisha Karafuu ili awahi mambo yake, mguu ukavimba, tukamwondoa. Akabaki Bupe.

Na maji hayana saa. Wiki hii yanakupwa alfajiri, wiki ijayo mchana jua likiwa la utosi. Bupe akawa mtu asiyeweza kuahidi lolote. Mteja akitaka gauni la sendofu, Bupe anauliza kwanza bahari. Wateja wakahamia kwa mafundi wengine. Ansbert, mchumba wake, ambaye posa yake uliipokea mwenyewe, alipata kazi Iringa. Akasubiri msiba upoe, akasubiri Karafuu apate nafuu, mwisho akauliza kwa upole kama anamposa Bupe peke yake au pamoja na farasi. Bupe alicheka kwenye simu. Alipokata alikaa juu ya ndoo bandani akalia, na Karafuu anatafuna tu pembeni yake. Akimkasirikia farasi, humwonea huruma. Akikukasirikia wewe, huona aibu, kwa kuwa marehemu hajibiwi. Tuseme wazi, Baba: zipo asubuhi alizokuchukia. Kisha alivaa kandambili zake akashika kamba.

Mwezi uliopita daktari wa mifugo, Godlisten, yule uliyekuwa ukimwamini, alikuja akamkunja Karafuu miguu na kumsikiliza tumbo. Alisema viungo vimekwisha, na dawa akiiongeza itamtoboa tumbo, ambalo limeshaanza kuumia. Hakuna mtu aliyekosea. Matunzo yamefika mwisho wake. Kilichobaki ni kumpumzisha kwa sindano. Bupe alikataa, akasema yeye aliagizwa. Daktari hakubishana. Alimwomba tu kwamba akimtembeza tena amtazame usoni, asitazame miguu.

Kesho yake maji yalikupwa asubuhi. Karafuu alisimama mlangoni mwa banda, akagoma. Bupe akaivuta kamba kidogo, naye akatoka. Masikio ameyalaza nyuma, macho ameyafinya, pua imekakamaa, shingo imelowa jasho na jua bado halijapanda. Lakini alitoka, hatua moja moja, kwa sababu ameambiwa. Bupe alisimama katikati ya njia akaitazama ile kamba mkononi mwake, akaona kwamba hapo wapo wawili, wote wanatii, na hakuna kati yao anayefaidi. Akamgeuza wakarudi.

Jioni alituita sote. Alisema, "Mie sijamchoka Karafuu. Ila baba angekuwepo, angekiona ninachokiona. Angekuwa ameshamwacha aende." Shangazi Benedicta akaanza kueleza kwamba agizo la marehemu halitanguliwi. Mama akamkatiza.

"Wifi, huyo marehemu ni mume wangu," alisema. "Mie ndo nitakayemkuta huko. Mwandikieni kwenye tangazo la kumbukumbu yake, asije akasikia kwa watu."

Basi tunakuandikia. Ibada ya kukukumbuka itakuwa Jumamosi asubuhi, nyumbani Kimbiji, na waliokupenda wote wanakaribishwa. Jumatatu daktari atakuja. Shimo lipo nyuma ya banda, Jonas amelichimba mwenyewe, na siku hizi tumemwona akimpapasa farasi shingoni akidhani hatumwoni. Bupe ndiye atakayeshika kamba. Hatukuombi ruhusa, Baba, kwa sababu hata ukitupa hatutaisikia. Tunakuarifu, kama tulivyokuarifu kila kitu ulipokuwa unarudi jioni na kuketi kula.

Tunakukumbuka kwa upendo: mkeo Monica, mwanao Jonas, dada yako Benedicta, ambaye bado amenuna lakini atakuja, Ansbert, aliye njiani kutoka Iringa, majirani wa Kimbiji, na mwanao Bupe.

Siku zote za maisha yetu hutatoka mioyoni mwetu. Sisi wengine tulikuaga mwaka jana, makaburini. Bupe atakuaga Jumatatu.