Posa Iliyokwisha Kujibiwa

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Richfield, Marekani, theluji inayeyuka, na mama yako bado anapanda basi kwenda kazini hospitalini Minneapolis. Umeuliza wabunge wanahoji nini wakati serikali imeshatangaza uhusiano na nchi nyingine.

Ujanani niliajiriwa kuandika kumbukumbu za mijadala bungeni huko nyumbani. Siku moja waziri akatangaza ubalozi mpya wa nchi ya kigeni. Mbunge mmoja, mama wa makamo, akasimama: "Mheshimiwa Spika, posa wameshaijibu, sisi ukoo tunaitwa kula pilau tu. Huyu mchumba anataka nini kwetu?"

Ukumbi ukacheka.

Ubalozi ulifunguliwa. Lakini mkataba na nchi iliyofuata waziri aliuleta bungeni kabla ya kutia saini. Swali la yule mama lilichelewa kwa mchumba wa kwanza, likamuwahi wa pili.

Babu yako, Richfield