Wafuasi Elfu Kumi na Moja

Chumba cha Kushonea,
Ghorofa ya Pili.
Jumatano, tarehe 9.

Mpendwa Mama Mdogo,

Pokea salamu zetu nyingi. Magoti yanaendeleaje? Mama anasema usipopumzika atakuja mwenyewe akufunge kitandani kwa kamba, na dada yako unamjua. Presha yake imetulia. Mimi mwili mzima, ila roho haijatulia, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu na kumpa shemeji wa lori akuletee mkononi.

Unakumbuka nilianza kuweka video za ushonaji mtandaoni kwa sababu wateja walikuwa wa kuhesabu. Mwezi wa kwanza watazamaji walikuwa thelathini, ukiwemo wewe. Binamu fundi simu akanipa siri: nisionyeshe nguo tu, niwaulize watu maswali, nimjibu kila mmoja, wajione wako nyumbani. Nikabuni mchezo. Kila Jumatatu nilirekodi sauti inayoingia dirishani, wao wakisie ni ya nini. Mshindi namshonea foronya.

Mchezo ukapamba moto, wakafika wafuasi elfu kumi na moja! Mama aliposikia neno hilo akaniuliza, "Wote hao wanakufuata wewe? Wanakufuata wapi, na chai utawapa ya nani?" Tulicheka mpaka machozi.

Sasa sicheki. Kuna mmoja anajiita Mtu wa Karibu. Alipatia wiki ya kwanza, ya pili, na ya tatu, na foronya hakuitaka hata moja. Wiki ya nne niliweka kengele. Akaandika: "Hiyo ya shule iliyo nyuma yenu. Mama hupita pale saa nne akitoka sokoni." Mama sijamrekodi hata siku moja.

Juzi akalisifia pazia jipya la jikoni. Mama Mdogo, jikoni kwetu kunaangalia uani. Pazia lile hulioni ukiwa barabarani. Nilifunga dirisha la jikoni, nikakaa sakafuni. Nimemchorea ramani ya nyumba yetu kwa ujinga wangu mwenyewe, sauti moja baada ya nyingine.

Nilikwenda polisi. Askari akaniuliza kama mtu huyo amenitishia. Nikasema hapana, ananisifu. Akaniambia, "Basi dada, nirudie akikutishia." Nilitaka kufunga akaunti, binamu akanizuia: mtu huyo akinikosa huko, atakuja kubisha hodi kuuliza kulikoni. Naogopa. Hatua zikisikika kwenye ngazi nashika mkasi. Mama hajui lolote. Namwambia sokoni nitakwenda mimi, yeye apumzike, naye analalamika kwamba nyanya nachagua vibaya.

Nisalimie Baba Mdogo na wale pacha watundu. Mungu awafunike, nyumba yenu isikose amani.

Sasa nisikilize vizuri. Nimerekodi video tatu mapema, kila moja na gauni lake, na binamu ataziweka kwa zamu. Jumamosi mchana utaniona kwenye simu nimeketi dirishani, nashona, nawatania watu na kuwauliza maswali. Usiandike chochote pale, hata salamu. Saa hiyo mimi na Mama tutakuwa mlangoni kwako. Tufungulie upesi.

Mwanao anayekupenda na kukutegemea,

Sindano