Mlango wa Ghala

5 Mei

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Sisi tunapumua, ila goti langu bado kaidi. Mdogo wako, kubeba magunia kumempa ngiri. Atapasuliwa tarehe ishirini, inshallah. Daktari wa usingizi aliuliza kama dawa yake imewahi kumdhuru mtu kwenye ukoo. Tukasema hakuna. Kwetu kifo hakitajwi mbele ya mgonjwa. Wewe uko mbali, nakwambia: mjomba wako hakufa kwa homa. Alipasuliwa kidole tu. Usingizini taya likakaza, mwili ukawaka kama pasi ya mkaa, akatutoka.

Na wewe na masomo yako, kila barua seli, seli! Unakuja lini?

Mama yako

9 Mei

Shikamoo mama,

Pole na goti. Mama, hizo seli zinazokuchosha ni za misuli. Ndani zina ghala la kalsiamu. Mlango ukifunguka, msuli unakaza. Kalsiamu ikirudi ghalani, unalegea. Kuna koo zenye mlango mbovu: mtu akivutishwa dawa fulani ya usingizi, haufungiki tena. Misuli yote inakaza, mwili unachemka. Ndiyo yaliyompata mjomba! Mwambieni daktari, ana dawa nyingine. Napiga simu, hupokei.

Binti yako

12 Mei

Marahaba mwanangu,

Sipokei kwa kuwa utanifokea. Baba yako kasema, "Huyo kasomea seli, hakusomea ukoo." Na mgonjwa habanduki ubavuni kwangu, nitasemaje? Tumefunga, tumeomba. Milango yote funguo zake anazo Mungu.

Mama

13 Mei

Mama,

Leo sina salamu. Huyo Mungu ndiye aliyenileta niusome mlango huu! Mgonjwa akisikia atakasirika tu. Asiposikia mtamzika.

Binti yako

20 Mei

Mama, ni leo. Niandikie hata neno moja.

22 Mei

Mwanangu,

Usiku umelalaje? Mimi sikulala. Kitanda kilikuwa kinasukumwa tayari, nikakishika chuma. Nikasema yote, mbele yake. Daktari akang'aka, "Mama, si ndilo nililouliza!" Wakabadilisha, wakampa dawa ya mshipani. Ameamka salama, Mungu asifiwe.

Ila hataki kuniona. "Mlinipeleka huku mnajua?" Kageukia ukutani, uji wangu hagusi. Baba yako naye ananilaumu nimevunja mwiko. Nimechoka, mwanangu.

Lakini namtazama mgongo wake ukipanda na kushuka, nasema acha aninunie. Maiti hanuni.

Mama yako