Kikapu cha Mikate Iliyoungua

Mshauri wetu wa redio, nisaidie kabla ulimi wangu haujaniponza. Mimi ni Falonne, mwoka mikate hapa Bulengera, Butembo, na wivu umenijaa, kwa sababu patron wetu, papa Mathe, alipoona unga umekuwa wa shida tangu vita vilipofunga barabara, aliweka kikapu mbele ya kila mwoka ili mikate mibovu yote, iliyoungua, mibichi na iliyopasuka, itiwe humo tuione, na sasa kila asubuhi changu kinafurika, karibu yote imeungua ubavu wa kushoto, na cha Bénite, aliyekuja juzi tu kutoka Lubero akapewa tanuri jipya la nyuma huku mimi nikibaki na lile la zamani, kina miwili mitatu, donc patron anamwita "mukono ya baraka" na mimi ananiambia, "Mama Falonne, unaniharibia bunga yote," mais aliyenimaliza ni bwana yangu Zacharie, jana amenunua mkate wa Bénite njiani, akaula mezani kwangu, akauliza, "Huyu mama anafanyaka namna gani? Ya kwako haiko hivi." Nilitamani kumpokonya kipande mdomoni.

Sasa Bénite aliniambia kwa siri, tukitoka kusali, kwamba kaka yake yuko porini na wapiganaji wa Mai-Mai, na kuna askari wa kizuizi cha barabarani anayenunua mkate kwangu, huniuliza habari za watu wenye ndugu porini, na ninaona neno moja tu lingetosha. Nifanye nini?

*

Mama, majina yote na mtaa nimebadilisha kabla ya kusoma, maana barua yako peke yake ingeweza kuua mtu. Neno la bwana yako hata mimi lingeniuma. Mwambie hivyo usoni. Lakini askari huyo hatamwondoa Bénite kazini tu. Atamwondoa duniani, kisha atarudi kwako kuuliza jina lingine.

Tena mikate yako umeionea aibu, hukuiangalia. Mkono mbovu hauunguzi ubavu mmoja kila siku. Patron wako naye amekosea: amechanganya ubovu wote pamoja, akaubandika jina la mtu. Mwombe atenge iliyoungua, mibichi na iliyopasuka, kwa kila tanuri. Halafu badilishaneni matanuri na Bénite juma zima. Ubovu ukibaki kwenye tanuri la zamani, aitwe fundi mwashi. Ukikufuata wewe, meza kiburi, umwombe Bénite akufundishe.

Na askari akija kuuliza habari, mpe mkate, mtajie bei, basi.