Honi Tatu za Skjelvika

Rotterdam, 9 Mei 2021

Mdogo wangu Solrun,

Salamu nyingi kutoka kwa kaka yako, mzima wa afya na bado mzuri wa sura. Goti lako linaendeleaje? Na yule paka mwizi, bado yupo?

Mimi ndiye fundi mkuu wa pili melini sasa, na ukisikia mtu anasema kuna fundi bora kuliko mimi kati ya hapa na Santos, muulize anakunywa nini. Shule niliacha darasa la tisa, lakini bandari arobaini na moja zimenisomesha. Wametufungia mashine mpya ya kuosha moshi, kubwa kama kanisa letu. Zamani bomba letu lilitapika masizi hadi nguo za mpishi zikawa nyeusi kambani. Sasa kinachotoka ni cheupe kama kitambaa cha madhabahuni. Mafuta ni yaleyale mazito, ya bei ya chini, lakini nani atajua?

Habari kubwa ni kwamba mwezi ujao tunakuja kupakia mawe ya chuma kwenye gati la huko juu, na foleni ni ndefu. Nimemshawishi nahodha tusubiri ndani ya ghuba yetu, siyo nje kwenye mawimbi. Nimemwambia hakuna maegesho bora Norwe nzima. Ukisikia honi tatu, ujue ni mimi, kama baba alivyokuwa akimpigia mama akirudi kutoka uvuvini.

Kaka yako,
Birger

Skjelvika, 21 Mei

Kaka Birger,

Shikamoo. Goti linauma mvua ikija, maana yake linauma kila siku. Paka yupo, amenenepa.

Nimesoma barua yako nikacheka peke yangu jikoni kama kichaa. Njoo, kaka. Teremsheni nanga karibu na rasi, nikuone nikiwa juu ya jukwaa langu la majini. Ila nisikilize kidogo na usinifanyie mzaha. Nimeshatundika kamba mia tatu za kufugia kome. Kome wametoa mbegu na sasa hivi maji yamejaa vitoto vyao, vidogo hata jicho halivioni. Vinaogelea wiki kadhaa, kisha vinatafuta kamba vishike. Mwaka jana dhoruba iliniondolea kila kitu. Mwaka huu visiposhika, kibali changu kinarudi kwa halmashauri na mimi narudi kumenya uduvi kiwandani.

Basi msimwage hata tone la mafuta.

Mdogo wako,
Solrun

Baharini, 17 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Mimi bado nina furaha hadi masikio yananiwasha.

Uliona nilivyopiga? Tatu, ndefu, hadi kondoo wa jirani yako Aslaug wakakimbilia mlimani. Na wewe ukaja na mtumbwi wako, umesimama kama malkia, ndoo ya kome mkononi. Mpishi wetu, Rodel, bado anawaota. Nilimwambia baba yetu asingekula hao hata kwa mtutu wa bunduki, kwake kome ni chambo cha ndoano. Rodel akaniambia, "Basi bosi, baba yako alikuwa anawalisha samaki vizuri kuliko watoto wake." Nikamsogezea ndoo nzima.

Siku tatu nzima, mdogo wangu, na hata tone la mafuta halikumwagika. Nililinda mwenyewe.

Kaka yako,
Birger

Skjelvika, 30 Agosti

Kaka,

Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima, roho hapana.

Kamba ziko tupu. Nilivuta ya kwanza nikidhani nimekosea, nikavuta ya pili, nikavuta hadi mikono ikachubuka. Hakuna kitoto hata kimoja, ila utelezi wa kijivu unaonata kwenye glavu kama kamasi. Kome wakubwa walio karibu na rasi wanakaa midomo wazi, ndevu wanazojishikia zinakatika ukigusa. Nilifungua mmoja. Ndani ana ukingo mweusi, ananuka lami. Nilitapika baharini, mimi niliyekula kome tangu nina meno mawili.

Mama mmoja wa maabara alikuja na chupa zake. Mwezi Juni huwa anachota maji hapa kila wiki. Anasema siku ile ya pili ya nanga yenu vitoto vilikuwa vimepinda, vingine vimegandana, vimekufa kabla ya kuota gamba. Ameona masizi na madini. Mafuta ya kumwagika hakuona.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, fundi wa bandari arobaini na moja. Mlimwaga nini?

Solrun

Las Palmas, 19 Oktoba

Solrun, mdogo wangu,

Salamu. Najua nimechelewa. Nilianza barua hii mara tano na kila mara nikaanza na mzaha, nikaichana.

Ile mashine inaosha moshi kwa maji ya bahari. Kwamba inaosha nilikuambia. Sikukuambia maji hayo yanakwenda wapi baada ya kuosha, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Yanatoka kwenye tundu ubavuni, chini ya mstari wa maji, mahali ambapo hakuna anayetazama. Juzi nilichota ndoo moja. Ni ya uvuguvugu, ya kijivu, ina povu la kahawia pembeni, inanuka kiberiti na tairi lililoungua. Niliacha kitasa cha shaba ndani usiku kucha, asubuhi kimebadilika rangi. Uchafu wote uliokuwa unachafua nguo za mpishi, tunaukunja tu na kuusukuma chini. Hata choo cha meli kina adabu kuliko hiyo.

Pale Skjelvika jenereta zilinguruma siku tatu, na maji yalitoka siku tatu. Nahodha anasema karatasi zetu ziko sawa. Labda. Lakini vali ya tundu lile niliifungua mimi, kwa mkono huuhuu uliopiga honi. Nilikuwa nimesimama juu nakupungia, na chini yangu nakutapikia.

Ndani ya bahasha kuna nakala ya ukurasa wa daftari la mashine. Saa ziko hapo, kiasi cha maji kiko hapo, na saini ni yangu. Ipeleke halmashauri. Nahodha akijua atanishusha kwenye bandari ya kwanza, na hakuna kampuni itakayonichukua tena. Usinihurumie. Mimi mwenyewe nanuka.

Kaka yako, ukiruhusu,
Birger

Skjelvika, 25 Novemba

Kaka Birger,

Shikamoo. Naandika kwa anwani ya nyumbani kwako Tromsø, nitakueleza kwa nini.

Niliisoma karatasi yako mbele ya halmashauri. Mwenyekiti akauliza saini ni ya nani. Nikasema ni ya kaka yangu. Aslaug wa kondoo akasema kutoka nyuma, "Angalau mmoja wa hao wa melini anajua kuandika jina lake." Wameniongezea mwaka mmoja wa kibali, na wamemwandikia mkuu wa bandari kwamba meli zenye mashine hiyo zingoje nje, mbali na rasi. Hajajibu.

Na mimi nina langu. Ni mimi niliyekuambia mteremshe nanga pale ili nikuone.

Kamba mia tatu zinahitaji kukwanguliwa kabla ya masika. Bado zinanuka, nimekuwekea glavu. Kome hatutakula, nitapika viazi.

Jumanne meli yenu ilipita nje ya rasi, ikaenda moja kwa moja. Nilisimama jukwaani hadi ikapotea, na haikupiga honi. Ndipo nikajua umeshashushwa.

Mdogo wako,
Solrun