Odowa Mfukoni, Panya kwa Kona

Jumatatu, 3 Machi 2003
Daktari Nyaguthii amegawa panya wetu weupe boksi mbili. Ya kwanza wanakula chakula kamili. Ya pili chakula hicho hicho, lakini kimetolewa vitamini. Kazi yangu — kuwapitisha kwa njia ya mbao yenye kona na kuandika nani amepata mlango. Kulipwa kutazama panya! Kitengela hii nani ananishinda?

Jioni nimepitia kibanda cha Wahu. Odowa ya leo ni laini, inanukia vumbi la mvua ya kwanza. Sijui nilikuwa naishi aje kabla ya mimba bila kula hayo mawe. Mtoto amecheza tumboni mpaka nikacheka peke yangu.

Jumamosi, 8 Machi
Mume wangu Kiema amefika kutoka kazini Magadi, mweusi kwa jua, amebeba tikiti maji. Ameuliza kama nameza vidonge vya kuongeza damu vya kliniki. Nimesema ndiyo. Viko nyuma ya mkebe wa unga, vyote. Vinanitapisha, nifanye nini? Tumengoja huyu mtoto miaka mingi, sitaki ugomvi sasa. Amenikanda miguu hadi nikalala. Nimeolewa vizuri mimi.

Alhamisi, 13 Machi
Boksi ya pili wameharibika. Mwenyekiti — yule panya wa sikio limekatika — ndiye alikuwa anatoka wa kwanza. Leo amefika kwa kona akasimama tu, kama mtu amesahau alitumwa nini. Akarudi alikotoka. Wenzake wanaumana ovyo. Nimecheka sana.

Halafu nimeenda kwa Wahu kununua mafuta ya taa, nikarudi na odowa. Mafuta nimeyakumbuka giza likiingia.

Jumatano, 19 Machi
Sijacheka. Boksi ya kwanza ukiwawekea kitu kigeni wananusa, wanaachana nacho. Ya pili wanarukia kila kitu — mbao, karatasi, hata chaki yangu wameitafuna! Nikamwambia daktari hawa wamerukwa na akili. Akasema, bila kuniangalia:

"Mwili unajua umekosa kitu. Haujui ni kitu gani. Basi unajaribu chochote."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni mwa aproni. Umeshika jiwe. Nimelila nikitoka geti. Nimeona aibu, na bado nimelila.

Jumatatu, 24 Machi
Vitamini zimerudishwa. Mwenyekiti amepita kona! Polepole, lakini amepita. Nimempigia makofi, hata daktari akacheka. Nikauliza, na yule jike wa boksi ya pili mwenye mimba? Akasema huyo atapona. Wa tumboni ndio yeye hajui kama watakuwa sawa, atangoja wazaliwe.

Nimetoa vidonge nyuma ya mkebe. Cha kwanza nimetapika. Cha pili kimekaa, nimekisindikiza na ndizi.

Ijumaa, 28 Machi
Kajiado, benchi ya kliniki. Naandika nikingoja. Upepo mzuri. Siogopi — naogopa kidogo. Kiema bado hajui, si vidonge si mawe.

Nyuma ya pazia sista anauliza kila mama kama anakula mawe. Kila mama anajibu hapana. Wanatoka na vumbi jeupe kwa vidole, nawapenda wote. Huyu wa kando yangu amenimegea kipande, nikapokea, nani hukataa? Kiko mdomoni bado.

Mtoto amepiga teke. Nimeinua leso nijipanguse midomo. Nimeirudisha. Wacha sista aone.

Naitwa ndani —